Msingi Uliweka Wewe, Bati Mmepaua Wote: Mkataba wa Kabla ya Ndoa Unafanyaje Kazi

Kila mtu aliyefunga ndoa Tanzania Bara, iwe kanisani, msikitini, bomani au kimila kule kijijini kwao, ameshaingia mkataba wa mali, ila karibu wote hatujawahi kuusoma. Mkataba wenyewe ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Ukishaitikia mbele ya mchungaji, au shehe akishamaliza hutuba yake na wewe ukasema nimekubali, ile sheria inaanza kufanya kazi juu ya kiwanja chako, fenicha zako, akaunti yako na madeni yako, na wala haikuulizi kama umeielewa. Kwa hiyo mtu akiniambia "mimi siwezi kusainishana makaratasi na mke wangu, ndoa ni upendo" huwa nacheka kidogo, maana kaka umeshasaini, ila huo uliosaini wameuandika wabunge wa mwaka 71 na pengine hata baba yako alikuwa bado yuko shule ya msingi.

Mkataba wa kabla ya ndoa, ile kitu watu wa mjini wanaita prinapu, ni nyie wawili kukaa chini na kuandika wenyewe yale ambayo mkikaa kimya sheria itawaandikia. Basi, hakuna zaidi. Watu wanadhani ni kitu cha matajiri wa Masaki, mimi naona kinyume, anayeuhitaji kuliko wote ni yule mwenye nyumba isiyoisha. Ntafika hapo, ila kwanza tuone ukikaa kimya sheria inasema nini, maana hapa ndo watu wengi wamekariri vitu vya mtaani.

Cha mtaani namba moja ni kwamba mkioana tu mali zote zinakuwa za wote nusu kwa nusu. Hapana. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki, ulichokuja nacho ni chako, na ukiwa ndani ya ndoa unaweza kununua, kumiliki na kuuza mali kwa jina lako mwenyewe, mwanaume na mwanamke sawasawa. Kifungu cha 60 kinaongezea kwamba kitu kikiwa kwa jina la mmoja wenu inachukuliwa ni chake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo, na kikiwa kwa majina yenu wote inachukuliwa mna haki sawa. Mpaka hapo unaona kama kila mtu na chake tu.

Sasa geuza ukurasa. Kifungu cha 59 kinasema nyumba ya ndoa, yaani ile mnayoishi, huwezi kuiuza, kuigawa wala kuiweka rehani bila mwenzio kukubali, hata kama hati ina jina lako peke yako, ndo maana ukienda benki kukopa kwa kuweka nyumba wanakudai ridhaa ya mwenza. Halafu kinakuja kifungu cha 114, na hiki ndo mwenye nyumba. Mkiachana, mahakama ina nguvu ya kugawa mali iliyopatikana kwenye ndoa kwa juhudi za pamoja, na inapogawa inaangalia mila za jamii yenu, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni mliyoingia kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo, na ikishapima hayo yote inatakiwa kuegemea kwenye usawa. Kuegemea, sio kukata katikati kama mkate, na hili neno limekula nauli za watu wengi sana mahakamani.

Na "kazi" hapo ni pamoja na kazi ya nyumbani. Hili lilishaamuliwa zamani, mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchi hii anaijua, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema mwanamke aliyekuwa anapika, anafua, anatunza nyumba wakati mume anatafuta hela naye amechangia. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika, wengine wakisema hizo ni kazi tu za mke. Kwa hiyo yule jamaa anayejitapa kijiweni kwamba "mke wangu hana kazi, hawezi kupata kitu" yupo nyuma kwa zaidi ya miaka 40. Ila pia usije ukadhani kule mahakamani unasema tu "nilikuwa nafua" unapewa nyumba, Mahakama ya Rufani imekuwa ikirudia kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, unatakiwa uonyeshe ulichangia nini na kwa kiasi gani.

Haya, sasa nyumba isiyoisha.

Kwenye kile kifungu cha 114 kuna kijifungu cha tatu, kifupi, ambacho kingesomwa kwenye kicheni pati na kwenye kamati za harusi kingeokoa watu wengi. Kinasema mali iliyopatikana kwenye ndoa ni pamoja na mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, lakini ikaja kuendelezwa kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa, na yule mwingine au na wote wawili kwa pamoja.

Isome tena taratibu halafu fikiria sisi tunavyojenga. Nani hapa anamaliza nyumba kwa mkupuo? Unanunua kiwanja, mwaka mmoja umepita ndo unamwaga msingi, unanyanyua boma, linakaa linaota majani miaka mitatu, unafunga lenta, unakuja kupaua, unahamia bila dari, plasta baadaye, tailizi baadaye, fensi Mungu akijalia. Nyumba ya Mtanzania wa kawaida ina umri wa miaka kumi hivi kabla haijaitwa imeisha na katikati ya hiyo miaka kumi ndo mtu anaoa au anaolewa. Yaani ndoa inaingia katikati ya ujenzi.

Tuchukue mfano wa kutunga. Jamaa kanunua kiwanja Goba kwa milioni 12, mkataba wa mauziano wa serikali ya mtaa una jina lake, kaweka msingi na tofali kwa milioni 9. Akaoa. Mke mwalimu, akachukua mkopo SACCOS milioni 15, wakanyanyua boma na kupaua. Miaka inaenda, mke mshahara wake unakatwa kila mwezi kulipa ule mkopo, mume anaweka madirisha na milango, mama mkwe kaleta mbao kutoka Njombe, wanahamia. Mwaka wa 11 mambo yameharibika. Mume anasema kiwanja changu nimekuja nacho, kifungu cha 58. Mke anasema bati langu, kifungu cha 114. Na wote wawili wako sahihi! Hapo sasa inabaki nani ana risiti, nani ana shahidi, fundi aliyepaua yuko wapi, jirani anakumbuka nini, na hiyo kesi inaweza kuanza Mahakama ya Mwanzo ikapanda mpaka Rufani wakati nyumba yenyewe kwa ugomvi haina hata mtu wa kuipaka rangi.

Kwenye mkataba wa kabla ya ndoa hiyo vita yote ingekuwa aya moja. Kwamba kiwanja cha Goba chenye msingi na tofali kadhaa ni cha mume, thamani yake leo tumekubaliana ni milioni 21, kuanzia siku ya ndoa kila kinachoongezeka juu yake ni cha wote kwa mgao huu, au ni kwa kadiri ya alichotoa kila mtu, na siku ikilazimu kuachana tutaithamini, mume anatoa milioni zake 21 kwanza kisha kinachobaki tunagawana. Au mnaweza kuamua tofauti kabisa, kwamba kuanzia siku ya ndoa nyumba yote ni ya wote na majina mawili yataenda kwenye hati. Hata hiyo ni prinapu! Watu wanasahau kwamba huo mkataba unaweza kuunganisha mali vilevile, sio kutenganisha tu. Kama ningeambiwa wachumba wanaruhusiwa kuandika kipengele kimoja tu maisha yao yote, ningewaambia andikeni cha ujenzi na hayo mengine achaneni nayo.

Sasa swali la msingi, je, mkataba huo Tanzania unatambulika? Hapa inabidi niwe mkweli kwenu, jibu ni ndiyo yenye mkia. Kile kifungu cha 58 kinaanza kwa maneno kwamba mambo haya yatakuwa hivyo isipokuwa wahusika wamekubaliana vinginevyo, kwa hiyo mlango umeachwa wazi kisheria, mnaruhusiwa kukubaliana. Mkia wake ni kwamba Sheria ya Ndoa haina sehemu inayosema mkataba wa namna hiyo uandikweje, usainiwe lini, na hakimu akikutana nao mezani aufanyeje, huku kifungu cha 114 kikiendelea kumpa nguvu zake zote za kugawa. Kwa hiyo mkataba wenu utapimwa kama mikataba mingine kwa Sheria ya Mikataba, kwamba mlikuwa huru, hakuna aliyelazimishwa wala kurubuniwa wala kudanganywa, na lengo lake sio haramu, na juu ya hapo hakimu bado atakuwa na macho yake ya usawa. Wakili yeyote anayekuahidi kwamba karatasi aliyokuandikia haiwezi kuguswa na mahakama, mlipe nauli yake aondoke. Kazi kubwa ya mkataba huu kwa hapa kwetu ni kuwa ushahidi ulioandikwa mapema wakati mnapendana, na kwenye kesi ambazo kila kitu ni "nilichangia" na "hukuchangia", karatasi yenye tarehe na sahihi za wote wawili ina uzito ambao mashahidi kumi wa kuunga unga hawana.

Majirani zetu Kenya wametupita hapa. Wao mpaka mwaka 2013 mahakama zao zilikuwa zinagawa mali za wanandoa kwa kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, fikiria, sheria ya enzi za Malkia Victoria inagawa shamba la Nyeri. Mwaka huo wa 2013 wakatunga Sheria ya Mali ya Wanandoa na kifungu cha 6 kikasema waziwazi kwamba wanaotarajia kuoana wanaweza kuweka makubaliano kabla ya ndoa kuhusu haki zao za mali, na papo hapo kikasema mmoja wao anaweza kwenda mahakamani kuomba yatenguliwe na mahakama inaweza kuyatengua ikiona kulikuwa na udanganyifu, au shinikizo, au ni ya uonevu wa wazi. Sheria hiyohiyo imetaja mchango usio wa fedha kwa majina, kazi za ndani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kazi ya shamba, mpaka kule kukaa na mwenzio kama mwenzi kumehesabiwa. Na wale wa "nusu kwa nusu" wa Kenya nao walipata jibu lao Januari 2023, Mahakama ya Juu ikasema katiba kuwapa wanandoa haki sawa haimaanishi mali inakatwa nusu moja kwa moja, kila mtu athibitishe mchango wake. Kwenye kesi ileile kila mmoja akaishia kupata nusu, ila ni kwa sababu ya ushahidi uliokuwepo.

Hayo mambo matatu ya Kenya, udanganyifu, shinikizo na uonevu wa wazi, hata kama uko Dar au Mwanza yashike, maana sehemu nyingi mikataba hii inapovunjika huwa inavunjikia hapo hapo.

Udanganyifu mara nyingi ni kuficha. Unaorodhesha kiwanja cha Goba ila fremu mbili za Kariakoo umezikalia kimya, au unasema huna deni kumbe una mkopo wa bajaji, mkopo wa benki na wa kausha damu juu. Siku ikigundulika, mkataba wote unakuwa na harufu. Ndo maana mkataba mzuri unakuwa na jedwali mbili nyuma, ya kwako na ya mwenzio, kila mali na kila deni, hata lile la Bodi ya Mikopo linalokata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi, maana na hilo ni deni umekuja nalo na mwenzio anatakiwa ajue kwa nini mshahara wako ni mdogo kuliko alivyoambiwa na mshenga.

Shinikizo mara nyingi ni tarehe. Hapa kuna kisa cha Marekani nakipenda sana cha Barry Bonds, yule mchezaji wa besiboli. Mwaka 1988 alikuwa bado kijana analipwa dola 106,000 kwa mwaka, akamsainisha mchumba wake ambaye alikuwa mgeni kutoka Sweden mkataba wa kwamba kila mtu atabaki na chumo lake, akasaini siku moja tu kabla ya harusi na hakuwa na wakili wake mwenyewe. Jamaa akaja kulipwa mamilioni kwa mwaka. Wakaachana, kesi ikazunguka mpaka Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 2000 mahakama ikasema mkataba ni halali. Watu wakapiga kelele, bunge la jimbo likabadilisha sheria, kuanzia 2002 ukishampa mwenzio huo mkataba lazima zipite angalau siku 7 ndo asaini, na mambo ya kuwa na wakili wake yakakazwa. Kwa hiyo hata huko ambako mikataba hii imezoeleka walishaona kwamba mtu aliyeshonewa gauni, wageni wako njiani na ukumbi umeshalipiwa, sio mtu huru, atasaini chochote.

Kwetu ni mbaya zaidi maana kuna kamati. Michango imekusanywa, watu wametumiwa kadi, mjomba kashauza ng'ombe, sendofu ni Ijumaa, halafu Jumatano usiku bwana harusi analeta karatasi kurasa sita za Kiingereza anasema "saini tu mpenzi ni utaratibu". Huo mkataba hata kama hakimu hatautupa, kimaadili umeshakufa. Sheria yetu inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, mimi ushauri wangu ni kwamba mambo ya mkataba yawe yameshaisha kabla hata ya hiyo taarifa, ikiwezekana kabla kamati haijakaa kikao cha kwanza, ili mkishindwana kila mtu aweze kuondoka bila kudaiwa michango ya watu. Na uandikwe Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya kusaini maneno ambayo mmoja wenu anayaelewa nusu nusu.

Uonevu wa wazi huo hauna haja ya maelezo marefu. Kipengele kinachosema mwanamke akiondoka anatoka na nguo zake tu hata kama amekaa miaka 20 amezaa watoto wanne na kaendesha duka, huo ni uonevu, na hakimu wa nchi yenye kesi ya Bi Hawa atauangalia kwa jicho baya.

Kwenye kutengeneza mkataba wenyewe, kila mmoja awe na wakili wake, hata kama ni wa kulipia saa moja tu ya kuusoma, maana wakili aliyelipwa na mmoja anamlinda aliyemlipa, sio dhambi ndo kazi yake. Sahihi mbele ya wakili, mashahidi, ushuru wa stempu ulipwe, nakala kila mtu abaki nayo na nyingine ikae kwa mawakili. Na kama mmeshaanza kuishi pamoja, jambo ambalo ni la wengi wetu, andikeni mlianza lini, kwa sababu kifungu cha 160 kinasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi kama mke na mume na watu wakawajua hivyo, inachukuliwa wameoana mpaka ithibitishwe sivyo. Unaweza kudhani unaandika mkataba wa kabla ya ndoa kumbe kwa macho ya sheria uko ndani ya ndoa mwaka wa tatu na lile friji mlilonunua pamoja tayari linahesabika kwenye mali ya ndoa.

Kuna vitu hata mkiandika kwa wino wa dhahabu havisimami. Watoto ndo cha kwanza, huwezi kuandika leo kwamba mtoto ambaye hata hajazaliwa atakaa na baba, au kwamba hutatoa matunzo, hilo mahakama inaangalia maslahi ya mtoto siku hiyo na haijali mlikubaliana nini mkiwa mnakula mishikaki. Vile vipengele vya vichekesho navyo, akichepuka atanilipa milioni 50, akinenepa, mama mkwe asikae zaidi ya wiki mbili, viandikeni kwenye daftari lenu la nyumbani mkipenda ila msivichanganye na mambo ya viwanja, vinafanya mkataba mzima uonekane wa mchezo.

Na kifo. Hapa watu wanachanganya sana. Mkataba mnaoandika kwa ajili ya kuachana sio wosia, mtu akifa tunaingia kwenye mirathi na huko kuna sheria zake, ya serikali, ya kimila na ya Kiislamu kutegemea marehemu aliishije. Kwa hiyo mjane mwenye watoto watatu wa ndoa ya kwanza anayeolewa tena na anataka nyumba aliyoachiwa na marehemu iende kwa wale watoto, mkataba peke yake haumtoshi, anahitaji na wosia, RITA, ule wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wanahifadhi wosia na sio gharama ya kutisha. Hawa wa ndoa za pili kusema kweli ndo kundi la pili baada ya wenye maboma ambalo ningelishika mkono nilipeleke kwa wakili mwenyewe.

Kwa Waislamu mambo mengine mmeshaanza nayo bila kuyaita prinapu. Mahari ni mali ya mke mwenyewe sio ya baba yake, mali ya kila mmoja kwenye ndoa inabaki yake, na kuweka masharti wakati wa kufunga ndoa ni kitu cha siku nyingi, shehe wenu atawaeleza yapi yanakubalika. Ila kwa Bara jueni kwamba mkishafika mahakamani kwa talaka kile kifungu cha 114 kinawahusu pia, hao Bi Hawa na Ally Sefu wenyewe walikuwa Waislamu. Kwenye mirathi fungu la mke limeshapangwa, thumni marehemu akiwa na watoto na robo kama hana, na mkataba wenu wa uchumba haubadilishi hilo. Zanzibar ni habari nyingine, hii sheria ya 1971 sio yao, Waislamu wa kule wana Mahakama ya Kadhi na sheria zake, msichukue makala hii mkaenda nayo mahakamani kule.

Sasa mnamwambiaje mwenzio bila kuharibu uchumba? Shangazi yangu mmoja nilipoligusa hili jambo nyumbani alishika kichwa, "mwanangu, yaani unapanga talaka hata pete hujavaa?" Nikamuuliza, shangazi, siku ya barua ya posa yangu nani alikaa na kalamu? Akacheka maana ni yeye. Aliandika mahari kiasi gani, ng'ombe wangapi wa kweli na wangapi wa fedha, mkaja wa mama, blanketi la bibi, kilichotolewa leo na kinachobaki kama deni, pande zote mbili wakasaini na kila upande ukabeba karatasi yake. Hakuna aliyesema hapo tunapanga talaka. Sisi ni watu wa kuandikishiana mali kabla ya ndoa toka zamani, ila tunaandikishiana wazee kwa wazee na wale wawili wanaoenda kulala njaa pamoja hawaulizwi kitu. Shangazi akanyamaza kidogo akasema haya, lakini hao wazee wa kwao watakubali? Nikamwambia hawahusiki, hii ya kwetu wawili. Hilo hakulipenda.

Kwa hiyo msianze na neno mkataba. Anzeni na madeni, siku mmekaa mnapiga hesabu za kodi, mwambie mimi nina mkopo huu na huu, wewe una nini? Halafu nendeni kwenye kiwanja. Mtu anayeweza kukuambia ukweli wa madeni yake mkiwa mmekaa kwenye kochi, kuandika karatasi naye ni kazi ya wiki moja. Asiyeweza, hapo tayari umepata taarifa uliyokuwa unaitafuta na hujamlipa wakili hata mia.

Na nyie mlioshaoana ambao mmesoma mpaka hapa mkisema basi tumechelewa, kile kifungu cha 58 hakijasema makubaliano yawe ya kabla ya ndoa tu, kimesema makubaliano ambayo wahusika wataweka. Mnaweza kukaa hata leo jioni mkaandika boma lilikuwa limefika wapi mlipooana, nani alinunua bati, mkopo wa SACCOS ulikuwa wa nani na umelipwa na nani. Mengine mtakuwa mmeshayasahau na mtabishana kidogo, ni kawaida. Fundi aliyepaua mpigieni wakati namba yake bado inapatikana.